Stilihedi mtoni: nimchukue au nimwachie? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila Novemba, mvua za huku jimbo la Washington zikishakolea, simu yangu hujaa jumbe za sauti kutoka kwa Waswahili wa Kent, Tacoma, hata Portland. Wengi wamekulia pwani au kando ya ziwa na mshipi wameushika tangu utotoni. Wakifika kwenye mito ya huku wanakuta samaki mmoja na sheria mia. Haya ndiyo maswali yanayojirudia, na majibu ni kama ninavyowajibu kwa simu.

Stilihedi ni samaki gani hasa?

Ni trauti wa upinde wa mvua aliyekwenda baharini. Kwenye vibao na vitabu vya sheria utamkuta ameandikwa "steelhead", lakini kwa wataalamu wote wawili ni spishi moja, Oncorhynchus mykiss. Vifaranga wa tumbo moja wanaweza kuachana njia: mmoja akabaki mtoni maisha yake yote, mwingine akashuka Pasifiki na kurudi baada ya miaka miwili mitatu akiwa na kilo tatu, nne, tano, anang'aa kama sufuria mpya. Mkenya aliyewahi kuvua mito ya Mlima Kenya au Aberdare ameshamshika ndugu yake. Trauti wa kule walipelekwa na Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20.

Kwa sheria ya Washington, trauti huyo akizidi inchi 20, yaani kama sentimita 51, katika mto unaofika baharini, anahesabiwa stilihedi. Chini ya hapo ni trauti tu na sheria zake ni nyingine.

Tofauti yake na samoni?

Mfungue mdomo. Stilihedi ana mdomo mweupe, ufizi na vyote. Samoni aina ya chinook ana ufizi mweusi, na coho ana ufizi mweupeupe ndani ya mdomo mweusi. Mkia wa stilihedi una madoa kotekote na ncha yake imenyooka kama imekatwa kwa kisu. Jambo jingine kubwa halionekani kwa macho: samoni wa Pasifiki akishataga hufa, lakini stilihedi anaweza kurudi baharini, akanenepa tena, akaja kutaga mara ya pili. Wanaofanikiwa ni wachache, ila wapo, na majike ndio wengi wao.

Msimu wake ni lini?

Kuna wa baridi na wa kiangazi. Wa baridi huingia mtoni kuanzia Novemba hadi Aprili, mayai yakiwa karibu kukomaa. Wa kiangazi huingia Mei hadi Oktoba, hukaa mtoni miezi mingi karibu bila kula, kisha hutaga majira ya kuchipua yanayofuata.

Samaki nimemvua kwa jasho langu. Kwa nini nimwachie?

Hili ndilo swali lenyewe, na huwa linaulizwa kwa hasira. Naielewa hasira hiyo. Kwetu mtu akirudi toka baharini anaulizwa amepata nini, na ukijibu "nilimpata mkubwa nikamrudisha majini" watu watataka upelekwe kwa mganga.

Lakini tazama hali ya mito yenyewe. Bwawa la Grand Coulee, lililokamilika mwaka 1942, lilijengwa bila ngazi ya samaki, yaani njia ya maji ya kuwapandisha samaki juu ya bwawa, na maji yote ya mto Columbia yaliyo juu yake yakafungwa kwa samoni na stilihedi. Mto Cowlitz uliwekewa mabwawa ya Mayfield mwaka 1963 na Mossyrock mwaka 1968. Ongeza misitu iliyokatwa hadi ukingoni, barabara zilizoziba vijito, na uvuvi wa miaka mingi. Stilihedi wa Puget Sound, yaani wa mito ya huku kwetu Seattle na Tacoma, waliwekwa kwenye orodha ya serikali kuu ya viumbe walio hatarini mwaka 2007. Wa bonde la mto Snake walitangulia mwaka 1997. Mwaka 2022 mito ya pwani ya jimbo ilifungwa mapema, tarehe 1 Machi, kwa sababu samaki waliorudi walikuwa wachache mno.

Kwa hiyo yule wa asili uliyemshika hayumo katika kundi la maelfu. Kwenye mto mdogo anaweza kuwa mmoja kati ya mia chache waliobaki, na Washington inakataza kabisa kumchukua.

Habari njema ni kwamba si wote ni wa asili: wengine ni wa kituo, yaani wamezalishwa kwenye vituo vya vifaranga.

Nitamjuaje wa asili na wa kituo?

Mgeuze ubavu ndani ya maji, utazame mgongoni, kati ya pezi kubwa na mkia. Pale kuna kipezi kidogo laini kisicho na miiba, kama kipande cha nyama kilichosahaulika. Kinaitwa kipezi cha mafuta. Vituo vya kuzalisha vifaranga hukikata kabla ya kuwaachia samaki mtoni wakiwa wadogo. Kipezi kipo: wa asili, mwachie. Hakipo na mahali pake pamepona na kuwa laini: wa kituo, na mto ukiwa umefunguliwa kwa uvuvi wa kuchukua, huyo ni wako.

Zingatia neno "pamepona". Kovu bichi au lenye damu maana yake kuna mtu amejikatia kwa kisu saa hiyohiyo, na askari wa wanyamapori wanalijua kovu hilo kuliko wewe. Ukiona kipezi nusu, kimepinda au kimebaki kisiki, mwachie. Mabishano ya ukingoni kuhusu nusu kipezi nimeyasikia mengi, na mwenye samaki mkononi huwa hashindi.

Watu huuliza pia mbona samaki wa kituo hupewa jina la "fidia". Ni kwa sababu vituo vingi vilijengwa kama malipo ya mabwawa. Vile vya Cowlitz, kwa mfano, vipo kwa sababu samaki wa asili walizibiwa njia ya kwenda walikokuwa wakitaga. Umeme wa taa zako unatoka kwenye mabwawa kama hayo, na samaki wa fidia ndiye huyo.

Basi wa kituo naye nimwachie, nionekane mstaarabu?

La. Mchukue. Hapa natofautiana na wazungu wengi ninaosimama nao mtoni, ambao humwachia kila samaki kisha wanakutazama wewe mwenye ndoo kama mwizi.

Samaki wa kituo alizalishwa avuliwe. Akibaki mtoni anaweza kwenda kutaga pamoja na wa asili, na hapo ndipo penye tatizo. Utafiti uliofanyika mto Hood, Oregon, na kuchapishwa mwaka 2007, ulipima uzazi wa stilihedi kwa vinasaba na kuona kwamba uwezo wao wa kuzaana mtoni hupungua kama asilimia 40 kwa kila kizazi kinacholelewa kituoni. Samaki aliyezoea kurushiwa chakula kwenye tangi hurithisha watoto wake uzembe huo. Kumtoa mtoni, ukamla na wanao, kunamsaidia yule wa asili kuliko maneno matamu.

Ninachokataa ni kumchukua halafu akaoza. Kama huna barafu, au friza nyumbani imejaa samaki wa mwaka jana, usiende kuvua wa kuchukua. Uamuzi wa kumchukua au kumwachia mimi huufanya nyumbani, ninapofunga mizigo: je, nina barafu, nina kadi ya kumwandika samaki, nina kisu, kuna wa kumla? Ukiuacha uamuzi hadi samaki awe anarukaruka miguuni pako, mikono itaamua kabla ya kichwa.

Wa asili amemeza ndoano na anavuja damu. Atakufa tu. Si bora nimle?

Hapana, hata akifia mikononi mwako. Sheria haitofautishi mzima na anayekufa, na ingetofautisha, kila samaki wa mto huu angekuwa "anakufa". Kata mshipi karibu na mdomo, uiache ndoano humo, mwachie aende. Wengine hupona. Asipopona, wapo wa kumla: tai, fisi maji, na virutubisho vyake humrudia mto.

Inauma, najua. Njia ya kuipunguza ni kuvua kwa ndoano moja isiyo na kile kijino kinachoizuia kuchomoka, na kuachana na chambo. Stilihedi humeza chambo cha mayai hadi kooni, lakini kitu cha bandia hunasa mdomoni tu. Ndiyo maana mito mingi wakati fulani hupigwa marufuku ya chambo.

Naruhusiwa kupiga naye picha?

Akiwa ndani ya maji, ndiyo. Washington hukatazwi tu kumchukua samaki asiyeruhusiwa. Unakatazwa pia kumtoa majini mzimamzima. Mwaka wangu wa kwanza sikulijua hilo. Nilimpandisha jike wa asili kwenye mawe, nikamwinua kifuani, nikamwomba mtu baki atupige picha ya kutuma WhatsApp ya ukoo. Akaniponyoka, akaanguka kichwa juu ya jiwe. Mzee mmoja Mmarekani alishuka kimya, akamshika mkia, akamtuliza majini hadi akaondoka, kisha akanitazama bila kusema neno. Angenitukana ningejisikia vizuri zaidi. Picha ninayo mpaka leo na sijawahi kuituma.

Namwachiaje vizuri?

Mvute haraka, usimchezeshe nusu saa kwa mshipi mwembamba. Tumia wavu wa mpira usio na mafundo, maana wa kamba hukwangua magamba na ute. Lowesha mikono. Mshike penye shina la mkia na chini ya tumbo, usiingize vidole kwenye mashavu. Ndoano itoe kwa koleo. Muelekeze kichwa mkondo unakotoka, maji yapite mdomoni, na usimsukumesukume mbele na nyuma kama unafua nguo. Akipiga mkia, mwache.

Maji yakifika nyuzi 20 za Selsiasi, acha kuvua. Maji ya moto yana oksijeni kidogo, na samaki anayeonekana ameondoka vizuri anaweza kufa mita hamsini mbele. Kiangazi baadhi ya mito hufungwa kuanzia saa nane mchana kwa sababu hiyo.

Leseni na kadi zinakuwaje?

Washington, kuanzia miaka 15 lazima uwe na leseni. Mwaka wa leseni huanza tarehe 1 Aprili na kuisha 31 Machi, si Januari, na hili limewaponza wengi. Ukishakaa jimboni siku 90 ukiwa na makao ya kudumu unahesabiwa mkazi na unalipa bei ya mkazi. Oregon leseni huanza umri wa miaka 12.

Pamoja na leseni kuna kadi ya kumbukumbu ya samaki. Ukimchukua stilihedi unamwandika papo hapo, kwa wino, kabla ya kutupa tena ndoano. Usiseme utaandika ukifika garini. Watoto wasiohitaji leseni nao wanaihitaji kadi hii. Idadi ya kuchukua kwa siku hutegemea mto. Mara nyingi ni wawili au watatu, wote wa kituo.

Kitabu cha sheria kilichochapishwa kisome, lakini asubuhi ya safari fungua tena tovuti ya idara ya samaki na wanyamapori ya jimbo. Mabadiliko ya dharura hutoka katikati ya msimu, na "sikujua" si utetezi.

Baba anakuja kututembelea. Naye lazima alipie?

Lazima, hata akivua saa moja, na bei ya mgeni ni kubwa zaidi. Akitaka kukaa tu ukingoni anywe chai akukosoe unavyotupa, hiyo haina ada.

Mbona wenyeji asilia wanavua kwa nyavu na mimi sina ruhusa?

Kwa sababu mito hii ilikuwa yao, na katika mikataba ya miaka ya 1850 waliitoa ardhi lakini haki ya kuvua wakabaki nayo. Jimbo liliwakamata na kuwafunga kwa miaka mingi hadi Februari 1974, Jaji George Boldt alipoamua kwamba makabila yenye mikataba yana haki ya nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa. Leo makabila hayo ni wasimamizi wenza wa samaki pamoja na jimbo, na yana vituo vyao vya vifaranga. Samaki wa kituo utakayemla huenda wao ndio waliomlea. Mtu wa kwetu, ambaye babu yake alikatazwa kuwinda kwenye msitu wake mwenyewe, sidhani anahitaji maelezo marefu hapa.

Nitajuaje kama nyama yake inafaa?

Anayeng'aa fedha, mapezi yake ukiona mwanga unapita, ametoka baharini karibuni. Akiwa bado na chawa wa bahari karibu na mkia, furahi: chawa hao hawadumu siku nyingi kwenye maji baridi yasiyo na chumvi. Nyama yake ni ya rangi ya chungwa na ina mafuta. Akishapata mstari mwekundu ubavuni na shavu jekundu, amekaa mtoni. Analika, ila mweke kwenye mchuzi wenye viungo. Mwembamba, mweusi, tumbo limebonyea, huyo ameshataga na anarudi baharini. Nyama yake ni maji matupu. Hata akiwa wa kituo, mimi huyo namwachia.

Ukishaamua kumchukua, mpige kichwani kwa rungu mara moja, kata mashavu, mwache damu itoke majini dakika chache, kisha barafu. Usimkate vipande mtoni: hadi ufike nyumbani askari aweze kuona ni samaki gani, ana urefu gani na kipezi hakipo.

Kwangu huishia kupakwa. Namkaanga kidogo juu ya makaa upande wa ngozi, halafu tui zito lenye ukwaju, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili mbuzi, nikilipaka mara tatu nne likikaukia juu yake. Stilihedi ana mafuta kuliko samaki aina ya changu, kwa hiyo punguza tui la kwanza.

Sisi Waislamu, lazima nimchinje?

Samaki hachinjwi, halali hata akifa mwenyewe. Kumtoa damu ni kwa ajili ya ladha tu.

Naweza kumla mbichi, kama sushi?

Si kabla hajagandishwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku saba, maana hubeba minyoo. Na mbwa wako usimpe kabisa samaki mbichi wa mito hii wala matumbo yake. Kuna kimelea kidogo kinachobeba bakteria, na mbwa asipotibiwa huweza kufa katika wiki mbili. Anayetembea na mbwa ukingoni awe macho na mizoga.

Niende mto gani nikitaka wa kuchukua?

Nenda penye kituo. Skykomish karibu na Reiter Ponds, Cowlitz penye Blue Creek, Bogachiel jirani na mji wa Forks. Utasimama bega kwa bega na watu, tena wenye maneno. Tupa kwa zamu, na ukisikia mtu anapiga kelele kwamba amenasa, vuta mshipi wako haraka umpishe. Mto mzuri ni ule unaopungua baada ya mvua, rangi ya kijani ya chupa, si chai ya maziwa.

Vaa mkanda kiunoni juu ya suruali ya mpira. Ukianguka, maji yakijaa ndani hutembei tena. Na kuanzia Machi usikanyage changarawe iliyosafishwa ikang'aa kuliko mawe ya jirani: hapo chini kuna mayai.

Mimi naishi Michigan. Haya yananihusu?

Nusu nusu. Stilihedi wa Maziwa Makuu walipelekwa huko na watu tangu karne ya 19, si wenyeji, na kwa kawaida unaweza kuchukua hata mwenye kipezi ndani ya idadi iliyowekwa. Huko soma kwanza maonyo ya afya kuhusu kemikali katika samaki wa maziwa, hasa kwa wajawazito na watoto.

Naweza kumuuza au kumgawia jirani?

Kuuza, marufuku. Kugawa, ruksa, ila kama jirani atambeba safarini mwandikie karatasi yenye sahihi yako, jina na anwani, namba ya leseni, tarehe na mahali alipovuliwa.

Nimevua msimu mzima sijapata hata mmoja. Nakosea wapi?

Huenda hukosei. Wenyewe humwita samaki wa mitupo elfu. Hakikisha tu chubwi yako inagusagusa chini kila mara. Kama hainasi kwenye mawe kabisa, unavua juu ya vichwa vyao.

Wewe umewahi kumwachia wa kituo mzuri kabisa?

Mara moja. Januari, Cowlitz, jike wa kama kilo tano, fedha tupu, kipezi hakuna. Rungu nilikuwa nimeshalishika. Nikapapasa mfuko wa koti kutafuta kadi, nikakumbuka nimeiacha juu ya dashibodi ya gari, mwendo wa dakika ishirini. Nilisimama naye majini kwa muda nikipiga hesabu ambazo sizitaji hapa. Kisha nikaitoa ndoano. Nyumbani tui lilikuwa limeshakamuliwa, tukalitia kwenye maharage.